Kibali cha Machinjioni

Kijiji chenyewe sitakitaja. Wenyewe bado wana hasira, na baadhi yao wana mabinti wa kuozesha, sitaki niwe sababu ya mtu kukosa posa. Kiko juu ya Mgwashi, pale barabara inapochoka ikageuka njia ya miguu, na hayo yanatosha. Mwaka ule wa corona, shule zilipofungwa, wajumbe wa serikali ya kijiji walikutana ofisini, wakakaa mbalimbali kama redio ilivyoagiza, wakapigiana kelele kwa sababu hawakusikiana, na mwisho wakakubaliana kwamba kijiji kiwekwe karantini. Serikali kuu haikuwa imewatuma. Yenyewe ilisema watu wanawe mikono na waendelee na kazi zao. Lakini watu wale hawana desturi ya kungoja kutumwa.

Shida ikawa moja: karantini ya binadamu hakuna aliyeijua. Huko milimani karantini ni neno la ng'ombe. Ndipo mwenyekiti Elisante alipomkumbuka Nikodemo.

Nikodemo alikuwa bwana mifugo kwa miaka thelathini na mstaafu kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa watu waliendelea kumwita Bwana Mifugo, ila hakuna aliyemuuliza tena neno lolote juu ya mifugo. Alikaa barazani akiwapangia kuku zamu ya kula. Mkewe, Beatha, alikwishamwambia kwamba siku atakayowaandikia kuku barua, yeye atakwenda kukaa kwa mtoto. Basi Elisante alipofika na mtendaji wa kijiji, Clemence, kijana wa Tanga mjini ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kuvua koti, Nikodemo aliingia ndani akatoka amevaa lile koti lake la kazi lenye mifuko minne. Akafunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

Alikuwa na tangazo la zamani, la mwaka ule wa ugonjwa wa miguu na midomo. Karatasi mbili, vifungu tisa, kila neno mahali pake. Akampa Clemence akamwambia alitumie kama mfano. Clemence akashuka nalo Lushoto kwenye duka la kuchapisha, akamkuta dada wa kompyuta, na kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja na gari la kurudi lilikuwa linapiga honi, akamwambia hivi: "Palipo na ng'ombe weka mtu, palipo na ndama weka mtoto. Mengine yaache." Dada akafanya kama alivyoambiwa. Clemence akagonga muhuri bila kusoma, na kesho yake asubuhi tangazo lilikuwa limebandikwa ofisini, dukani na kwenye mlango wa kanisa.

Kifungu cha kwanza kilisema watu wote wahesabiwe na wenye makovu waandikwe pembeni. Cha pili kilisema mtu asinyweshwe kwenye chanzo cha maji cha pamoja. Cha tatu kilisema maksai wote wabaki majumbani. Hapo dada wa kompyuta hakuambiwa dume aliyehasiwa ambadilishe na nani, akapaacha kama palivyo, na kwa wiki nzima waume wa kijiji kile walikuwa wakitazamana kwa wasiwasi, kila mmoja akijitahidi kuonekana barabarani. Cha nne kilisema: ni marufuku mtu kutembea bila mchungaji.

Hicho cha nne ndicho kilichotekelezwa kwa bidii kuliko vyote. Karibu kijiji kizima ni Walutheri, na mchungaji ni mmoja, Mchungaji Abrahamu. Siku ya kwanza alifurahi sana kuona watu wamemkumbuka Mungu. Siku ya pili alikuwa amewasindikiza kina mama kisimani mara kumi na moja. Siku ya tatu alihubiri kwa uchungu juu ya Musa na wana wa Israeli, hasa ile sehemu ya Musa kuchoka.

Nikodemo aliyaona makosa yale siku ileile tangazo lilipobandikwa, akamwendea Elisante akitaka karatasi irudishwe ikasahihishwe.

"Ina muhuri, mghoshi," Elisante akamjibu. "Karatasi ikishapigwa muhuri haichezewi. Watu wataiona serikali yao haijui inachosema."

"Lakini haijui."

"Ndiyo maana haichezewi."

Na mimi sitawacheka sana watu wale, maana hofu yao ilikuwa ya kweli. Kila jioni redio ilitaja maelfu waliokufa Ulaya, nchi zenye hospitali kila kona, na wao zahanati yao ilikuwa na nesi mmoja na kitanda kimoja. Mtu akiogopa huwa hasomi vizuri, anatafuta muhuri.

Kifungu cha sita kilikuwa hiki, na nawaomba mkisikilize vizuri: hakuna mtu atakayeruhusiwa kutoka nje ya eneo la karantini, isipokuwa yule anayepelekwa machinjioni moja kwa moja, kwa kibali cha Bwana Mifugo, na mtu aliyetolewa kwa kibali hicho asirudishwe tena. Wengi walisoma mpaka neno "kibali" wakaishia hapo. Walichokielewa ni kwamba anayetaka kutoka aende kwa Nikodemo, na Nikodemo alikuwa amewekewa meza chini ya paa la ofisi, karibu na mti wa mkaratusi uliolazwa barabarani kuwa kizuizi.

Kwa wiki tatu hakumpa mtu yeyote kibali. Danieli mwenye kabichi alikuja kila asubuhi, kwanza akiomba, kisha akilia, kisha akitukana. Selemani mwenye duka alitaka kufuata sukari. Wote walirudishwa. Nikodemo aliweka na utaratibu wake mwenyewe: maombi yote yaandikwe, na mtendaji ayasome kwa sauti mbele ya watu, ili pasiwe na upendeleo. Aliipenda kazi ile. Aliona aibu kuipenda wakati wa balaa, lakini aliipenda, na kila alipoamkiwa shikamoo na watu wawili kwa mpigo alihisi mgongo unanyooka.

Sasa, Nikodemo na Beatha walikuwa na binti yao, Eliza, ameolewa Lushoto na fundi seremala aitwaye Aron. Eliza alikwishaharibikiwa na mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa, na Beatha alikuwa amefunga kapu lake tangu mwezi wa saba: unga wa uji, kanga nne, maharage ya kukaanga. Mama kumwuguza bintiye uzazi wa kwanza si jambo la kuombewa ruhusa. Beatha alimwambia mumewe asubuhi moja jikoni, kwa namna ya kumpa taarifa tu.

"Kesho nashuka Lushoto, Baba Eliza."

Nikodemo akaweka kikombe chini. "Haiwezekani."

"Unasema?"

"Nikikuruhusu wewe leo, kesho Danieli nitamzuiaje?"

"Danieli ana kabichi. Mimi nina mtoto."

"Ugonjwa haujui tofauti."

"Na wewe huijui?" Beatha akauliza. Akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi: "Fahali wa kaka yangu ulimpa kibali."

Hilo lilimkata Nikodemo maini, kwa kuwa, ukimtoa huyo kaka mwenyewe, ni wao wawili tu waliolijua. Mwaka ule wa miguu na midomo shemeji yake alikuwa na fahali wa mahari, harusi imekaribia, na Nikodemo akafumba macho akaandika kibali kimoja. Kimoja tu. Fahali yule alivuka mto akiwa hana hata kidonda, na baada ya wiki mbili mlima mzima wa upande wa pili ulikuwa unadondosha udenda. Ndama walikufa. Watoto wa watu walikunywa chai ya rangi mwaka mzima, na hakuna aliyejua ugonjwa umepita wapi.

"Kwa sababu ya fahali yule ndiyo nakukatalia," Nikodemo akasema.

Alisema kweli. Beatha naye alijua kwamba anasema kweli, na hilo ndilo lililomwudhi zaidi. Alitwaa jembe akaenda shambani bila kusema kwaheri, na bila mchungaji.

Kesho yake Beatha alikuja ofisini kama watu wengine. Alipanga foleni nyuma ya Selemani, Mchungaji Abrahamu ubavuni kwake, kapu kichwani. Zamu yake ilipofika alimpa Clemence barua yake, akarudi nyuma hatua mbili kama inavyotakiwa. Clemence akakohoa kidogo, watu wote wakamtazama vibaya, akaanza kusoma.

"Kwa Bwana Mifugo. Yah: Maombi ya kibali cha kwenda machinjioni. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni jike, umri miaka sitini na mitatu, rangi ya udongo, bila kovu. Meno yamepungua lakini kwato ni nzima."

Watu wakaangua kicheko. Danieli alishika nguzo asianguke. Clemence naye alikuwa anauma midomo, ila kazi ni kazi, akaendelea.

"Nimekaa katika zizi la mfugaji wangu miaka arobaini na mmoja na sijawahi kutoroka. Nimezaa mara sita. Walio hai ni wawili. Katika wale wanne, wawili walikufa mfugaji akiwa safarini kuchanja mifugo ya watu, na sikumlaumu, maana kazi ni kazi. Maziwa nimeacha kutoa. Kwa kuwa zizini sina faida tena, naomba nipelekwe machinjioni Lushoto, moja kwa moja, kwa mujibu wa kifungu cha sita. Ninaelewa kwamba anayekwenda huko harudi. Wako mtiifu, Beatha Nikodemo."

Kicheko kilikuwa kimekatika kwenye lile neno "wawili". Nikodemo aliinamia meza. Alijua majina ya wale wanne na mahali walipolala, nyuma ya migomba, na alijua kwamba katika miaka yote ile mkewe hakuwahi kuyasema maneno yale, wala nyumbani, wala kwa hasira. Leo yamesomwa na kijana wa Tanga mbele ya watu wanaosubiri sukari. Alitaka kunyanyuka amwombe radhi palepale, lakini aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa Bwana Mifugo, na Bwana Mifugo alikuwa ameulizwa jambo moja tu: je, ombi hili linafuata sheria?

Lilifuata. Kwa wiki tatu lilikuwa ombi la kwanza lililofuata sheria.

Akaandika kibali, akapiga muhuri, akampa. Beatha akakipokea kwa mikono miwili. Mchungaji akamvusha kwenye mti wa mkaratusi, na yule mama akaishuka njia ya Mgwashi bila kugeuka nyuma, kapu kichwani, ukungu ukamfunika kwenye kona ya kwanza.

Kama mambo yangeishia hapo, ingekuwa hadithi ya mke na mume. Lakini kijiji kilikuwa kimesikiliza. Kesho yake asubuhi foleni ilifika kanisani. Watu arobaini na watatu, kila mmoja na barua mkononi, wanaomba kwenda kuchinjwa. Danieli aliomba achinjwe pamoja na kabichi zake. Selemani aliomba kuchinjwa kwa awamu, kila Jumanne. Vijana wa kwaya waliomba kuchinjwa kwa pamoja ili kupunguza gharama za safari. Bibi Yunis peke yake, mjane wa karibu na kanisa, hakuomba kitu. Alisema yeye ameambiwa akae nyumbani na amekaa, na anayetaka kumsalimia amsalimie akiwa nje ya ua.

Nikodemo alimtazama Elisante. Elisante alitazama pembeni, kwa kuwa naye alikuwa na barua.

Angeweza kuwakatalia? Kwa maneno gani? Mkewe amepita kwa kifungu kilekile, siku moja nyuma, wote wakiona. Alitia sahihi mpaka kidole kikauma. Jioni waliochinjwa wote walirudi, wamebeba mikate, betri na habari za mjini. Nikodemo alipowasomea kwamba aliyetolewa asirudishwe, Elisante, mwenye viatu vipya, akaamua kwa niaba ya serikali ya kijiji kwamba machinjioni mkaguzi ameikataa nyama. Nyama iliyokataliwa humrudia mwenyewe. Kila mtu akaona hiyo ni haki.

Baada ya siku kumi Danieli alianza kukohoa. Alisema ni malaria, katika mlima ambao mbu akipanda hufa kwa baridi. Kisha ikawa nyumba tatu, kisha saba, watu wakijifukiza nyungu asubuhi na jioni mpaka majani ya mikaratusi yakaadimika. Danieli alipona. Kwaya ilipona. Bibi Yunis, ambaye Danieli, mpwa wake, alimpelekea mkate wa mjini mpaka ndani kwa upendo, hakupona. Watu wakasema ni uzee, na kweli alikuwa mzee. Nikodemo alibeba jeneza upande wa kichwani. Alikuwa na uhakika moyoni kwamba sahihi yake ndiyo iliyoingia na ule mkate, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa wa kumwambia alikuwa Lushoto.

Beatha alikuwa amepiga simu mara moja tu. Mtoto amezaliwa, wa kike, mzima, ila mdogo sana; kazaliwa na kilo mbili kasoro na daktari amesema wawe waangalifu.

"Unarudi lini?" Nikodemo aliuliza.

"Kifungu cha sita, Baba Eliza," Beatha akajibu, akakata simu. Nikodemo hakujua kama alikuwa anacheka.

Siku ya tano baada ya mazishi ya Bibi Yunis aliacha kungoja. Tangazo lilikuwa limelowa mvua likawa uji, mti wa mkaratusi ulikwishachanjwa kuni na mtu asiyejulikana, na hakuna aliyemwomba kibali cha kitu chochote. Akawaachia majirani kuku wake, kuku mmoja akamfunga miguu awe zawadi, akavaa lile koti lake akashuka. Njia nzima, mpaka Soni na kupanda tena Lushoto, alikuwa anapanga maneno ya kuomba radhi. Aliyapanga vizuri kwa Kishambaa, akayapanga tena kwa Kiswahili ikiwa mkwewe atakuwepo.

Beatha alikuwa anaanika nepi uani kwa Aron. Alimwona mumewe akiingia, uso wote ukamfunguka, akaacha kamba akapiga hatua mbili kumwendea. Kisha akasimama. Kati yao palikuwa na beseni.

"Habari za huko?" akauliza. "Wazima?"

"Wazima."

"Wote?"

Nikodemo alikuwa ameshamweka kuku chini. Ndani alisikia kitoto kinalia, kilio chembamba cha kitu kilichokuja duniani juzijuzi, na mikono yake miwili ikainuka yenyewe. Neno lililohitajika lilikuwa dogo. Angesema "wote" tu, angekuwa ndani, na yeye hakuwa anakohoa, hakuwa na homa, alikuwa mzima kabisa.

"Bibi Yunis tumemzika," akasema. "Ni siku ya tano leo. Alikohoa wiki mbili. Nilibeba jeneza. Danieli alikohoa kabla yake, na nyumba saba. Niliwapa vibali."

Beatha alijifuta mikono kwenye kanga taratibu, akilia bila sauti, kwa Bibi Yunis au kwa kilichokuwa kinafuata. Alimwonyesha kwa kidevu banda la mbao la Aron, nyuma ya ua.

"Siku ngapi?" Nikodemo akauliza.

"Wewe ndiye unayejua."

"Kumi na nne."

"Chakula nitakuwekea juu ya kile kigogo. Nikishaondoka ndipo uje uchukue."

Miaka thelathini alikuwa ameandika namba ile kwenye karatasi za watu, na hakuwahi kuikaa hata siku moja. Alimfungua kuku miguu, akamwacha uani, akaenda bandani akasafisha mahali pa kukaa katikati ya mbao. Hakuwa ameomba radhi bado. Maneno yote mawili, ya Kishambaa na ya Kiswahili, yalikuwa bado kifuani.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Eliza alitoka, amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa, mtoto amefunikwa kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na uzazi."

"Mama, mwache basi amshike," Eliza akasema. "Dakika moja tu. Ametoka mbali. Jina mwenyewe tulikuwa tunamngoja yeye alitoe."

Beatha aliutazama umbali wa kutoka mlangoni mpaka bandani. Alikuwa amechoka, alikuwa bibi wa mtoto na mke wa mtu, na alikuwa karibu kukubali. Eliza alikwishashuka ngazi moja. Mtoto alitoa mkono nje ya kanga, mdogo, mwekundu, vidole vimefumbwa.

"Eliza," Nikodemo akasema kutoka bandani, kwa sauti ileile iliyorudisha watu wazima wiki tatu, ila sasa ilikuwa inakatika. "Msikilize mama yako. Mrudishe mtoto ndani, kuna baridi."

Eliza akarudi ndani. Beatha akabaki uani, akimtazama mumewe juu ya beseni, kisha akaenda jikoni kumpakulia.